Gauni Lililopigwa Pasi

Gauni liliwekwa mbele yangu kaunta likiwa limefungwa kwenye gazeti, na nilipolifungua likanipokea kwa harufu ya sabuni ya unga na joto la pasi ya mkaa. Lilikuwa limekunjwa mara nne, ncha kwa ncha, kola imesimama kwa wanga. Ungeambiwa ni zawadi ya kipaimara ungekubali. Kumbe lilikuwa kielelezo cha kesi ya kubaka, na aliyelifua, akalianika, akalipiga pasi ni mama mzazi wa binti aliyekuwa amelivaa.

Nilikuwa koplo wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, kwenye kituo kimoja kidogo cha polisi upande wa Igogo. Askari wa kike tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo kila jambo lililohusu wanawake lilisukumwa kwangu, kuanzia kesi za wizi wa masufuria hadi kuwachemshia wakubwa chai. Chai nilikataa siku ya tatu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nasema mapema ili asiyenijua asije akashangaa huko mbele.

Mwanza ilikuwa imechangamka siku zile. Biashara huria imeingia, viwanda vya minofu ya sangara vimejipanga ufukweni, mitumba imefurika kila barabara, na sabuni, ambayo mama zetu waliipangia foleni tangu alfajiri miaka michache nyuma, sasa ilikuwa kila kibanda: ya mche, ya kipande, ya unga. Ile ya unga ndiyo iliyoniponza mimi. Redioni walisema inatoa doa la aina yoyote, na kwa hilo hawakudanganya.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu kaunta ilikuwa imejaa. Kulikuwa na bwana mmoja wa baiskeli iliyoibwa, wavuvi wawili waliokuwa wanagombea wavu mmoja, na mama muuza maziwa ambaye hadi leo sijui alitaka nini. Yule mama mwenye gazeti alisimama nyuma yao na binti yake, wameoga, wamepaka mafuta, wamevaa nguo za Jumapili. Walipofika mbele, mama alinikunjia goti kidogo na kunipa shikamoo. Umri wake ulitosha kunizaa. Ni gwanda ndilo lililoamkiwa, si mimi, lakini niliona haya nikawahi kumwambia, "Shikamoo wewe, mama."

Bahati mbaya mwenzangu wa zamu ndiye aliyeshika kalamu. Alikuwa konstebo mwenye sauti ya mnadani, mtu mwema kabisa, ila hakuwahi kunong'ona tangu azaliwe. "Shida nini, mama?" akauliza. Mama akajibu kwa sauti ya chini. "Ongea kwa sauti, mama. Nitaandikaje nisichosikia?" Wavuvi waliacha kugombana. Mwenye baiskeli akageuza shingo. Muuza maziwa akatua ndoo yake chini kabisa, kama mtu aliyeamua kukaa. Nikamkanyaga konstebo mguu chini ya kaunta, nikamkanyaga vizuri, halafu nikachukua daftari na kuwaambia mama na binti wanifuate.

Tatizo, hapakuwa na pa kuwapeleka. Ofisi ya mkuu wa kituo alikuwemo mwenyewe. Mahabusu si mahali pa kumkalisha mtu. Kilichobaki ni chumba cha vielelezo, ambacho kilikuwa na baiskeli kumi na kitu, madumu ya gongo, marundo ya nyavu haramu zilizonuka dagaa, na mbuzi jike wa kesi ya wizi aliyekuwa ameshikiliwa muda mrefu kiasi kwamba alikuwa amezaa kielelezo kingine. Nilimtoa mbuzi na mwanawe, nikageuza madumu mawili yawe viti, nikafunga mlango. Binti alitazama mahali pale, akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza niliona kama anataka kutabasamu. Tabasamu halikufika mbali, lakini niliona.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi cherehani. Alikuwa ameajiriwa na mwenye duka moja la mitumba Mabatini, akikaa kibarazani na cherehani yake, akipunguza suruali za Wazungu wanene ziwatoshe watu wa Mwanza. Jumamosi jioni mwenye duka alimwita stoo ya ndani amsaidie kufungua robota la mitumba. Yaliyofuata alinieleza kichwa kikiwa kimeinama, na hayo ni yake, siyaandiki hapa. Nililoliona mimi ni kwamba alieleza mara moja tu, kwa mpangilio, bila kuongeza wala kupunguza. Mama yake alikuwa amemshika mkono muda wote huo na alikuwa anatazama baiskeli.

"Kwa nini hamkuja Jumamosi ile ile?" nikauliza.

"Gauni lilikuwa halijakauka," mama akasema.

Nikaweka kalamu chini. Naomba nisamehewe kwa nililofanya hapo, maana nilikuja juu. Nilimwambia mama kwamba ameua kesi ya mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, kwamba lile gauni ndilo lililokuwa shahidi, na sasa hospitali wataangalia nini na mahakama itaangalia nini. Nilisema mengi. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Mwanangu, mimi ningeuletaje uchafu ule serikalini?"

Mama yangu mimi angefanya hivyo hivyo. Nilipokuwa mdogo, siku ya kwenda ofisi yoyote ya serikali, hata zahanati kuchomwa sindano, tulisuguliwa miguu kwa jiwe mpaka inawaka. Ukienda serikalini unakwenda msafi, usije ukadharauliwa. Ndivyo tulivyolelewa sote, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna siku moja, siku mbaya kuliko zote, serikali inakutaka uje vile vile ulivyo. Nilimwomba radhi palepale. Alinipiga piga begani kana kwamba mimi ndiye niliyekuja na shida.

Niliwaandikia ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nikaenda nao mwenyewe. Daktari aliandika mistari miwili, kwa sababu maji na siku mbili vilikuwa vimefanya kazi yao. Jioni tulimkamata mwenye duka. Aliandikisha maelezo kwa kujiamini kabisa: binti anamsingizia kwa sababu alimkaripia kazini, na tena binti huyo kazi yake ni ya kibarazani tu, hajawahi kukanyaga stoo ya ndani hata siku moja, funguo anazo yeye mwenyewe peke yake. Kesho yake alikuwa nje kwa dhamana, anakunywa soda mbele ya duka lake.

Siku zile mashtaka kwenye mahakama za chini yaliendeshwa na polisi wenyewe, na mwendesha mashtaka wetu alikuwa inspekta mmoja mnene, mpole, mtu wa kutembea na mwavuli kiangazi na masika. Nilimpelekea jalada na gauni. Alilikunjua, akaligeuza, akalinusa.

"Koplo," akasema, "umeniletea nguo ya kwendea kanisani."

"Ndiyo, afande."

"Sasa nimwambie hakimu nini? Kwamba marehemu alikuwa doa?"

Sikucheka, japo leo nacheka. Alinieleza kwa upole ambao ulinikera zaidi kuliko kama angefoka. Kwa utaratibu wa wakati ule, hakimu alitakiwa kujihadhari sana na neno la mwanamke peke yake katika kesi za aina hii. Ilibidi pawepo na kitu kingine cha kuliunga mkono. Mtu akiibiwa kuku, neno lake lilitosha. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba kumbe mwenye kuku anaaminika kuliko mwenye mwili. Akanitazama juu ya miwani. "Sheria sikuitunga mimi, Koplo. Nakupa wiki mbili. Usipopata kitu, nalifunga jalada."

Mkuu wa kituo naye hakunisaidia. Alinikuta koridoni akaniuliza, kama anavyouliza habari za mvua, "Kwani hawa watu hawawezi kuyamaliza nyumbani?" Nikamjibu, "Mkuu, wangetaka yaishe nyumbani wasingepiga pasi." Akaingia ofisini kwake akafunga mlango. Kwa heshima ya cheo chake nitasema kwamba hakuniandikia barua ya onyo.

Wiki ya kwanza ikapita. Nilipita kwao Mabatini mara mbili, nikakuta cherehani ya binti imefunikwa kanga. Amerudi nayo nyumbani lakini haigusi. Mama alinieleza pembeni kwamba binti hali chakula vizuri, haongei, na majirani wameanza kusema kwamba kama lingekuwa kweli polisi wasingemwachia yule bwana. Hicho ndicho kilichokuwa kinamla. Aliyotendewa alikuwa ameyasema mara moja, na sasa watu walikuwa wanamwambia hakuyasema. Jalada likifungwa, mtaa mzima ungechukulia kwamba serikali nayo imesema ni mwongo. Nilishuka kwenye mawe yale ya Mabatini nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani.

Nikajizoeza kila asubuhi kuingia chumba cha vielelezo na kulitazama lile gauni nililokuwa nimelitundika msumarini. Kabla ya kuingia polisi nilifundishwa cherehani na masista, nilishona miaka miwili, kwa hiyo nililitazama kama fundi. Kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Mshono safi, pindo limefichwa. Mkanda wa kiunoni, bizimu lake, kile chuma cha kufungia, limevishwa kitambaa kile kile kwa ustadi hadi ndege mmoja ameangukia katikati kabisa. Na vifungo saba mbele, vya plastiki nyeupe, vya dukani, vya bei rahisi.

Siku ya nne au ya tano ndipo akili ilipofunguka. Nilisimama pale na mbuzi ananitafuna lesi ya buti. Hakuna fundi duniani anayejisumbua kuvisha bizimu la mkanda kitambaa, halafu akaweka vifungo vya plastiki nyeupe. Mkanda uliovishwa unakwenda na vifungo vilivyovishwa. Nikainama nikatazama uzi. Gauni lote limeshonwa kwa uzi wa kijani, vifungo vimeshikizwa kwa uzi mweupe, kwa mkono, mishono mirefu ya mtu ambaye si fundi.

Nilipanda Mabatini kwa miguu, jua la saa saba, na buti moja halina lesi. Nilimkuta mama anaanua nguo juu ya mawe, maana kule mawe ndiyo kamba. Sikusubiri hata kukaribishwa.

"Mama, vifungo vya gauni ulibadilisha wewe?"

Akashtuka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kukaripiwa kwa mara ya pili. "Vilikuwa vimebaki vitatu," akasema. "Vinne vilinyofoka. Nikaona vitatu vya aina moja na vinne vya aina nyingine haipendezi, mwanangu. Nikatoa vyote nikaweka vipya."

"Vile vitatu ulitupa?"

Hapo ndipo aliponitazama kama mtu aliyetukanwa. Nani anatupa kifungo? Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalimwaga juu ya jiwe: sindano, zipu mbovu, shanga, na vifungo vya miaka ishirini. Vitatu vilikuwa vimevishwa kitenge cha kijani. Kimoja kilikuwa na kichwa cha ndege. Binti alikuwa amesimama mlangoni, amesikia sauti. Akaja, akakiokota, akasema, "Nilivivisha saba. Nilitumia mabaki ya kitambaa." Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile aongee bila kuulizwa. Nilimkumbatia mama yake kwa nguvu mpaka kilemba chake kikaanguka, na majirani wakatoka nje kuona polisi anampiga nani.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa konstebo wangu: vinne viko mahali fulani. Siku iliyofuata tulikwenda dukani mimi, yeye na mjumbe wa mtaa awe shahidi. Mwenye duka alitufungulia stoo ya ndani huku anatabasamu. Tulihamisha marobota asubuhi nzima. Konstebo alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka, na kwa sauti ile aliyonayo kila chafya ilisikika hadi sokoni. Chini ya mbao zinazobeba marobota, kwenye vumbi, tulikuta vifungo vingi sana, vya kila rangi, na mwenye duka akacheka kabisa. "Afande, hili ni duka la mitumba. Vifungo humu ni kama mchanga."

Nilikuwa nimepiga magoti na tochi, nimelala karibu kifudifudi. Nilivuta kimoja, nikapuliza vumbi. Kijani. Nikavuta cha pili pembeni yake, kina kipande cha uzi wa kijani bado kinaning'inia. Niliviweka kwenye kiganja, nikamwonyesha mjumbe kwanza, halafu mwenye duka.

"Hii mitumba ya Ulaya," nikamuuliza, "tangu lini inavaa kitenge?"

Mjumbe alisaini karatasi kwa furaha. Vile viwili vingine hatukuviona, na sikuvihitaji. Mtu aliyeandika kwamba binti hajawahi kukanyaga stoo ile, na funguo anazo peke yake, alikuwa na vifungo vya gauni la binti huyo chini ya marobota yake.

Inspekta alipoviona, vitatu vya kopo na viwili vya stoo, alivipanga mezani pamoja na mkanda, akavihesabu kwa kidole. Kisha akasimama, akachukua mwavuli wake, akaenda dirishani, akarudi. "Huyu mama nitamweka kizimbani atoe ushahidi," akasema. Nikamwambia sawa, ila nina ombi. Siku ya binti kutoa ushahidi, watu watolewe nje. Alinitazama kana kwamba nimeomba mahakama ihamie Ukerewe. Kesi kama hizi zilikuwa na watazamaji wake, vijana wasio na kazi na wazee wenye kazi, wanaojaza mabenchi mapema kama wanakuja sinema. "Haijawahi kufanyika hapa," akasema. "Kwani hakimu atakula mtu akiombwa?" nikasema. Nilimsumbua siku kumi. Nilimsumbua asubuhi, nilimsumbua kantini, nilimsumbua akiwa na kipande cha muhogo mdomoni, mpaka akasema ataomba ili tu nimwache ale.

Katikati ya hayo nilianza kazi nyingine ambayo hakuna aliyenituma. Nilizunguka soko la Mkuyuni, nikaenda vikundi vya akina mama, padri mmoja akanipa dakika tano baada ya misa, na kila mahali nilisema jambo moja: likikupata jambo, usioge, usifue, njoo hivyo hivyo. Walinicheka sana. Wauza nyanya walinibandika jina la Mama Usioge, na nikipita tu mmoja anamwambia mwenzake, "Ficha sabuni, amekuja." Nilicheka nao. Lakini niliona pia kwamba wanawake wengine walinyamaza, wakainamia nyanya zao, na sikuelewa kwa nini. Nilidhani hawajanisikia vizuri, nikapaza sauti.

Siku ya kesi inspekta alisimama, akakohoa, akaomba. Hakimu, mzee wa miwani minene, alifikiri kidogo, akaangalia mabenchi yaliyojaa, akasema watu wote wasiohusika watoke. Walivyotoka kwa manung'uniko ungedhani walikata tiketi. Binti akasimama akaeleza, mara ya pili katika maisha yake, kama alivyonieleza mimi, bila kuongeza wala kupunguza. Inspekta, mpole yule, alimuuliza taratibu kama anayemuuliza mwanawe. Sikutegemea, na nilimsamehe mambo mengi siku hiyo.

Kisha akaja mama. Wakili wa mwenye duka alikuwa kijana hodari, suti mpya, na alimwona mama kama njia rahisi.

"Mama, ulifua gauni hili ili kuficha nini?"

"Kuficha?" Mama alimshangaa kwa dhati. "Nilikuwa nampeleka mtoto wangu serikalini. Alikuwa ameshadharauliwa mara moja. Nikasema na serikali isije ikamdharau."

Hakimu aliacha kuandika, akainua kichwa. Wakili alipaswa kukaa hapo. Hakukaa.

"Kwa hiyo kwa kuwa lilifuliwa, wewe huwezi kujua lilikuwa na nini."

"Baba, nililifua kwa mikono hii, nitakosaje kujua? Maji nilibadilisha mara tatu. Ya kwanza yalikuwa na damu, na sikumwaga barazani. Nilikwenda kumwaga mbali, watoto wasione."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akiwa ameshika ukingo wa kizimba. Mimi, askari wa miaka tisa kazini, niliinamia kofia yangu nikalia.

Mwenye duka alipatikana na hatia, akapelekwa gerezani. Miaka michache baadaye sheria yenyewe ilibadilishwa, mambo ya kumwamini mwanamke na ya kusikiliza faragha yakaandikwa kabisa, na inspekta wangu akapenda kusimulia kwamba yeye alianza zamani. Nilimwacha asimulie. Alikuwa anasema kweli kwa sehemu.

Lakini ninalotaka kuandika ni la mchana ule wa hukumu, nje ya mahakama. Majirani waliokuja walikuwa wanamkumbatia binti, mmoja wao ameshamuuliza kama atamshonea sare za mwanawe, naye akamwambia amletee kitambaa kesho. Nilikuwa nimevimba kwa furaha. Nikawa nasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba sasa mnaona, siku nyingine mtu asifue. Mama akainamisha kichwa. Akamshika binti yake mkono, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Ningejua nisingefua."

Binti akamtazama. "Mama," akasema, "ungeniambia niende nalo vile lilivyokuwa, nisingetoka mlangoni."

Alimwambia mama yake, si mimi, tena kwa upole, lakini furaha yangu yote iliyovimba ilinywea palepale. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikiwaamrisha wanawake waje walivyo, wapite barabarani, wapite sokoni, wasimame kaunta mbele ya wavuvi na muuza maziwa. Kumbe wale walioinamia nyanya walinisikia vizuri sana.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa kituo kuomba beseni, ndoo ya maji, sabuni na kanga mbili mpya. "Hiki ni kituo cha polisi au nyumba ya wageni?" akauliza. Nikamwambia kwa mtu aliyepatwa na lile jambo, itabidi viwe vyote viwili. Alinipa beseni ili niondoke. Kanga nilinunua. Baiskeli tulizihamishia uani chini ya bati, nyavu zikachomwa kwa amri ya mahakama, mbuzi na mwanawe walirudishwa kwa mwenye mali akatushukuru kwa nyongeza. Konstebo alipaka chokaa kuta zote na kupiga chafya mchana kutwa. Na sokoni nikabadilisha wimbo: usitembee, tuma mtu aniite, nitakuja mimi.

Wengine walituma. Wa kwanza kuja mwenyewe alikuja asubuhi moja ya jua kali, amevaa sweta ya mwanamume juu ya nguo zake, ameishikilia shingoni kwa mikono miwili. Nilitoka kaunta kabla konstebo hajafungua mdomo. Nikamfikisha mlangoni pa kile chumba, nikamwonyesha beseni na kanga iliyokunjwa.

"Unanipa hiyo nguo, unavaa hii," nikamwambia. "Uso na miguu unanawa sasa hivi. Mwili mzima baada ya daktari, maji nitakuchemshia mwenyewe."

Alitazama beseni muda mrefu. "Humu humu polisi?" akauliza.

"Humu humu."

Akaiachia sweta, akaingia.